Salongo ya Papa Okito ndani ya sanduku ya samaki

Ukimuuliza Papa Okito wa Kindu nani aliharibu mayi ya samaki, hatakuficha. "Ni miye," atasema. "Na nilifanya kwa sabuni."

Samaki wenyewe walikuwa wawili, wa bahari, rangi ya machungwa, wadogo kama kidole gumba. Walikuja na mutoto wake Bibiche. Wakati ya vita, shangazi yake alimukimbiza mupaka Dar es Salaam akiwa mudogo. Sasa amerudi mwanamuke muzima, na sanduku ya vioo, na ndoo ya chumvi ya kutengenezea mayi ya bahari. Siku moja alisema: "Papa, kama hawa wanaweza kuishi Kindu, na miye nitaweza." Halafu akaenda Lubutu kwa kazi, akamwachia Okito samaki. Muzee usingizi ikamukimbia.

Mama Geneviève, muke wake, hakumusaidia. "Wakati ya vita tulikuwa tunachoma majani ya mutoni, tunachuja majivu, tupate chumvi ya kutia kwa mboga ya sombe. Leo ndoo nzima ya chumvi ni ya samaki wasiojaza kijiko! Haizuru, Papa Bibiche. Wakikufa, chumvi wako nayo tayari."

Chini ya ile sanduku kulikuwa ingine. Mayi inashuka mule, inapita kwa tuviringo twa udongo wa kuchoma na kipande ya eponji, halafu pompi inairudisha juu. Bibiche alikuwa amefasiria vizuri: mule munaishi vidudu ambavyo macho haivione, njo vinakula uchafu ya samaki. Okito aliitika "ndiyo, ndiyo" kama muntu anayesikiliza misa ya kilatini.

Jumamosi ikafika, siku ya salongo. Kila muntu anafagia mbele ya nyumba yake, anazibua mifereji, na muvivu anajifanya mugonjwa. Okito alimaliza uwanja, akaingia ndani, akafungua ile sanduku ya chini. Oh! Tuviringo tote tumekuwa kahawia, tunateleza kama kamasi. Haya ikamushika. Mutoto atarudi akute uchafu kwa nyumba ya baba yake? Akatutoa, akatusugua kwa sabuni na javele ya kung'arisha nguo, akatuanika juu ya bati, akaturudisha. Eponji ilikuwa nyuma kabisa. Alijaribu kuinama, tumbo ikakataa. Akaiacha.

Kisha mayi ikageuka nyeupe kama ya kuoshea muchele. Samaki wakapanda juu, midomo wazi. Okito akapigia Bibiche simu.

"Papa, ulifanya nini?"

"Salongo."

"Wapi?"

"Sanduku ya chini. Mutoto wangu, inang'aa! Sahani ya askofu haing'ae vile."

"Papa! Vidudu vyote umeua! Toa ile yote iliyonuka javele. Badilisha nusu ya mayi, tia ya mvua na chumvi vile nilikuonyesha, na chakula uwanyime. Halafu tafuta kitu ya matundu mengi, vidudu vipate nyumba. Hakuna kitu ulisahau kuosha?"

"Eponji. Tumbo ilinikataza."

"Mungu aibariki ile tumbo. Hiyo usiiguse hata kidogo. Vilivyobaki viko mule."

Okito akaanza kuchagua. Kwanza changarawe ya muto Lualaba, nyeupe, nzuri. Geneviève akageuza jiwe moja mukononi. "Tundu iko wapi? Hii ni kama kichwa yako." Akajaribu matofali: ndani ya glasi mayi ikakuwa nyekundu kama chai. Makala ya kupikia ikaelea, ikamuangalia. Njo macho yake ikaanguka kwa kikapu ya muke wake, yale mawe meusi ya Goma anauza soko, ya kusugulia kisigino. Nyepesi, matundu tupu.

Geneviève akakumbatia kikapu. "Hapana. Hii ni biashara yangu."

"Mama Bibiche, wakikufa mutoto atarudi Dar."

Muke akamwaga kikapu yote chini. "Osha. Bila sabuni!"

"Ficha sabuni basi," Okito alisema. "Hii mikono siiamini."

Akaosha mawe kwa mayi ya mvua, akayapanga kuzunguka ile eponji chafu. Jumamosi iliyofuata alifagia uwanja, halafu akakaa mbele ya mulango, muke akimuchunga kama mwizi.

Bibiche aliporudi hakusalimia muntu. Alienda mbio kwa vioo. Samaki walikuwa wamekonda, lakini wote wawili wanaogelea. Akaingiza mukono kwa sanduku ya chini, akagusa jiwe.

"Limeanza kuteleza," alisema.

"Chafu kabisa," Okito akajibu, kifua mbele.

Bibiche akacheka, akapangusa mukono kwa kikwembe alichojifunga. "Papa, uko na misumari?"

"Ya nini?"

"Ya kutundika nguo zangu."

Okito alitaka kusema kitu kizuri, kitu ya baba.

"Ya ukubwa gani?" akauliza.