Safari Moja ya Fundi Venansi

Nakumbuka asubuhi moja gari la marehemu baba lilipokataa kuwaka, na leo, mwanangu, nakiri kwamba halikukataa. Lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyesema haliwaki, na kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nimemjibu hivyo hivyo: mama yangu, kaka yangu ambaye ni baba yako, na mara moja darasa zima la wanafunzi ambao hawakuwa wameniuliza lolote. Katikati ya miaka hiyo nimeandika makala nyingi kuhusu ukweli. Watu wamezisifu, nami nimekubali sifa.

Wewe umeniandikia swali dogo tu. Unataka kulifufua Pijo la babu yako hapo hapo uani Gungu, huna fedha za kulipeleka gereji, na unaomba ushauri wa shangazi yako kwa sababu umesikia kwamba aliwahi kulifufua akiwa na umri kama wako. Umesikia vizuri, ila ulisikia kutoka kwangu. Ngoja nikueleze upya, bila kuruka kitu.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia Kigoma kwa wingi, wengine kwa miguu kutoka mpakani, wengine kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa. Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nikarudi nyumbani na vitabu viwili na maoni mengi. Gari lilikuwa juu ya mawe tangu babu yako afariki. Kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma, na mama alizoea kusema, "Kuku wangu wana nyumba ya vioo, mimi dirisha langu nimeziba kwa gunia." Nikamwambia nitalifufua. Akauliza kwa kutumia nini. Nikasema kwa kutumia akili. Alicheka mpaka akaketi.

Nilianza peke yangu. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, na kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ya kuhesabu matone, nikazipaka mawese, ambayo nyumbani kwetu hayakosekani. Nilikuwa nimesoma kwamba mafuta hulegeza kutu. Kitabu hakikutaja sisimizi. Kesho yake asubuhi injini nzima ilikuwa inatembea, ingawa si kwa namna niliyokusudia.

Asubuhi hiyo ndipo alipopita Fundi Venansi. Alikuwa Mrundi, mtu mzima mwenye mvi chache, aliyefanya kazi ya magari Bujumbura mpaka vita vilipomtoa. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali cha siku chache akitafuta kibarua mjini, na alisimama getini kwetu kuomba maji. Akanywa, akamshukuru mama, kisha akasogea akatazama ndani ya boneti.

"Binti," akaniuliza, "hili unalitengeneza au unalipika?"

Hivyo ndivyo alivyoingia katika maisha yetu. Mimi sikuwa na chochote cha kumlipa, nikamwambia. Akasema hataki ujira. Atakula tunachokula, atalala tutakapomlaza, na gari likiwa tayari atapewa safari moja, siku atakayoichagua mwenyewe, kwenda atakakotaka na kurudi. Mama akasema ni haki. Mimi nikasema ni haki na nusu, nikampa mkono wangu wenye mawese. Kibali chake kilipoisha hakurudi kambini. Mama alimsafishia stoo akaweka mkeka, na majirani tukawaambia ni mgeni wetu.

Mwanangu, uliuliza namna ya kutengeneza gari bila fedha, basi sikiliza alivyofanya mtu aliyejua. Alianza na breki, nami nilitaka kuanza na rangi. Kila nati aliyoifungua aliiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na mwenzake, na juu ya kopo akachora kipande cha gari kilikotoka, maana maandishi yangu hakuyaamini. Gasketi, zile za kuziba katikati ya vyuma, alizikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni, akazilowesha kwenye oili. Sakafu iliyooza aliiziba kwa bati la pipa tulilolipata Kibirizi kwa wachuuzi wa dagaa, akaligonga mpaka likakaa. Kila kipuri cha zamani kilichoweza kusafishwa alikisafisha, na mara nyingi nilipokuwa tayari kukitupa kitu, yeye alikuwa ameshakifufua. Rangi tuliipuliza kwa bomba la kunyunyizia dawa kwenye mibuni, tuliloazima kwa mtu wa Kalinzi kule milimani, gari likiwa ndani ya vyandarua viwili vya mama ili vumbi lisishike. Ilikuwa rangi ya maziwa. Usiku ule mama aliumwa na mbu wote wa Gungu, na asubuhi akatoka, akaliangalia gari, akasema, "Angalau mmoja wetu amelala vizuri."

Alinifundisha pia kulilinda gari lisiibwe. Ndani ya kofia ya distribyuta kuna kipande kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Mafundi wanakiita rota, na kinaenea kiganjani. Ukikitoa, hata mwizi hodari atasukuma starta mpaka betri ife. Nilijifunza jambo hilo upesi kuliko yote aliyonifundisha.

Jumatano gari liliwaka. Fundi alikuwa ameenda Ujiji kuwatafuta watu wa kwao, mimi nikalizungusha Gungu nzima peke yangu, kiwiko nje ya dirisha, nikiwasalimia hata watu niliokuwa nimegombana nao. Jumamosi binamu yangu alikuwa anaolewa Ujiji, na tayari nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba bibi harusi atapanda gari letu. Fundi aliporudi jioni nilimwambia liliwaka kidogo likazima.

Alhamisi asubuhi mchuuzi mmoja wa kahawa aliteremka kutoka Kalinzi akiwa na ujumbe. Mama yake Fundi Venansi amevuka mpaka. Amefika Kalinzi, amepokewa na mkulima mmoja, lakini miguu imevimba, hawezi kupiga hatua nyingine. Nilikuwa ndani, na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia yote.

Nitakueleza nilichofikiria, kwa sababu nimekuwa na miaka mingi ya kukikumbuka. Nilifikiria ile barabara ya milimani, mawe yake na tope lake. Nilifikiria rangi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. Nilifikiria Jumamosi. Yule mama mzee sikumfikiria hata kidogo. Nilitokea mlango wa nyuma, nikafungua boneti, nikatoa rota, nikaitia kwenye mkoba wangu wa chuo pamoja na kalamu.

Fundi alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Binti, nimeichagua safari yangu. Ni leo."

"Fundi, haliwaki. Nimejaribu tangu alfajiri."

Aliomba ufunguo. Nikampa, maana uongo wangu ulikuwa umeshikwa vizuri na vyuma. Nikamwona kupitia dirisha akisukuma starta, kisha akishuka na kuinamia boneti. Mgongo wake ulinizuia kuona mikono yake. Hakukaa sana. Alifunga boneti taratibu kwa viganja viwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto, akanirudishia ufunguo.

"Sawa," alisema. "Si siku yake leo."

Akaazima baiskeli ya jirani, akaondoka kuelekea Mwandiga na milima ya Kalinzi.

Jumamosi niliirudisha rota, gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko. Aliuliza, "Limepona lini?" Nikasema, "Leo." Aliniangalia, akaangalia gari, akarudi jikoni, na harusini akaenda kwa usafiri wa watu wengine. Ningependa kukuambia kwamba mimi nami sikufurahi siku ile. Nilifurahi. Tuliingia Ujiji taratibu, watoto wakikimbia pembeni, wanawake wakipiga vigelegele, na mtu mmoja akasema kwa sauti nzuri, "Huyu binti wa chuo ameliunda mwenyewe." Sikumsahihisha. Na tangu hapo sijamsahihisha yeyote.

Fundi Venansi hakurudi. Baiskeli ililetwa baada ya siku kadhaa na mtu asiyejua lolote isipokuwa nyumba ya kuipeleka. Mama aliendelea kumwekea sahani, siku moja, siku mbili, wiki. Jirani akasema wakimbizi ndivyo walivyo, huondoka bila kuaga. Mama akasema, "Huyu angeaga." Mimi nilikuwa nimekaa papo hapo, nimeshika kikombe cha chai, na nikanyamaza. Katika yote niliyoyafanya, mwanangu, nadhani kunyamaza kule ndiko kubaya zaidi. Rota niliitoa kwa dakika mbili nikiwa na haraka. Kunyamaza nilikufanya kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka, huku napanda vyeo.

Nilijipa faraja moja tu: kwamba hakujua. Kwamba aliinamia injini, akahisi ni ugonjwa wa kawaida wa gari kuukuu, akaondoka akiwa na imani na sisi. Faraja hiyo ilinitosha mpaka mwezi uliopita, wewe ulipoanza kutafuta vipuri ng'ambo ya mpaka, ukampata muuza vipuri Bujumbura, naye akakuunganisha na mzee mmoja aliyekuambia gari hilo analijua mpaka chini ya rangi. Ukaniandikia kwa furaha: "Shangazi, anasema alikaa kwetu! Namba yake hii hapa." Niliikalia ile namba siku kumi na moja.

Nasaha yako nakupa hapa, kabla sijakueleza nilivyompigia, kwa sababu baada ya hapo sina la kuongeza. Anza na breki, rangi iwe ya mwisho kabisa, na ukiwa huna fedha uwe na makopo na subira. Hayo ni ya gari. La pili ni hili: gari litakapopona, wako watu watakaokuwa wamelishika kabla yako, nawe wataje kwa majina kila unaposifiwa, hata kama anayesifu hana muda wa kusikiliza. Na ukiwa umemwahidi kitu mtu anayelala chini ya paa lako, mpe siku anayokitaka. Usingoje akudai, kwa sababu hatakudai. Wewe ndiye mwenye nyumba, mkeka ni wako na chakula ni chako, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Mungu akujalie mikono yenye kusikia chuma, akuepushe na haraka yangu, na akupe moyo wa kusema jambo siku ile ile, likiwa bado dogo.

Nilimpigia Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ndiyo yenyewe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Mama hajambo?"

Nikamwambia mama alishatutangulia. Akasema, "Alinilisha."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa hata nimeiandika. Nikaiacha mezani.

"Fundi, siku ile ya Kalinzi gari lilikuwa zima. Rota niliitoa mimi."

"Niliona."

"Uliona?"

"Nilifungua kofia, nikakuta patupu. Nikaifunga."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza kwa mdomo gani? Nilikuwa nakula kwenu."

Nikamuuliza kuhusu mama yake. Alieleza bila kupandisha sauti. Alimkuta Kalinzi, akampakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga kiunoni kwa kitenge ili asianguke, akawa anaisukuma kuteremka. Kabla ya Mwandiga palikuwa na kizuizi. Wasio na vibali walipandishwa lori, wakapelekwa kambini moja kwa moja. Baiskeli akaikabidhi kwa mpita njia.

"Hakufa kwa ajili yako, kama hilo ndilo unalotaka kuuliza," alisema. "Aliishi mpaka mvua zilizofuata. Ila asubuhi ile, kabla sijaja mlangoni kwako, nilikuwa nimemtuma yule mchuuzi arudi amwambie kwamba mwanawe atakuja kumchukua na gari, aingie mjini amekaa kwenye kiti. Alikuwa amejifunga nguo yake nzuri. Akanisubiri nayo."

Nikasema lililonijia, kwamba gari bado lipo, kwamba wewe unalitengeneza, kwamba likiwa tayari tutakuja hata Bujumbura, tumpeleke popote atakapotaka.

"Hapana, binti," alisema kwa upole. "Ile safari ilikuwa ya siku ile. Huyo mtoto nitamsaidia, aniulize anachotaka. Ile iache."

Akanitakia kwa lugha yake Mungu anihifadhi, akakata simu.