Swala Niliyemjeruhi

Usiku ule nilijilaza mkekani bila kunawa, damu ya mnyama imenikaukia vidoleni. Mchana nilikuwa nimempiga swala. Mshale ulimwingia pajani, akaruka, akatokomea vichakani, nami nikafuata matone ya damu mpaka jua likazama na macho yakashindwa. Nikarudi mikono mitupu. Watoto wa marehemu kaka yangu walikunywa maji ya moto yenye chumvi, wakalala.

Kaka Mrisho ndiye aliyekuwa mwindaji wa nyumba yetu. Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini, na mvi zilishaanza kuniota nilipoitwa kumzika. Mvua ikakataa, mahindi yakaungua shambani, nikashusha upinde wake darini nikaanza kujifundisha. Hapakuwa na wa kumuuliza. Hata sumu ya mishale alikuwa akiichemsha peke yake porini, na siri yake akaenda nayo. Kila nikinyata, swala walininusa kabla sijawaona. Huyu mmoja niliyempata, nilimpata vibaya.

Usingizi ukanichukua. Namwona Mrisho amekaa kwenye kiti changu cha kushonea, katika kile kibanda changu cha mjini. Mguu wake unakanyaga cherehani lakini cherehani haitoi sauti. Amevaa suruali yake ya porini, yenye kiraka nilichomshonea mwenyewe.

Najua amekufa. Nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Wala simwogopi, nina hasira naye. Namwambia ameniacha bila kunifundisha kitu, kwamba wanawe wanalala na njaa, kwamba nimemtesa kiumbe asiye na kosa na bado sikumpata. Maneno yananitoka kwa kwikwi. Yeye ananisikiliza tu, kichwa ameinamisha.

Kisha kibanda hakipo. Tupo nyikani, jua la utosi, nyasi kavu zinatuchoma miguu. Ametangulia, namfuata. Namwomba asimame anionyeshe upinde unavyoshikwa. Hasimami. Anazidi kwenda, nami nakimbia, pumzi zinaniishia, namwita kwa jina lake la utotoni. Nainama nimfuate kwa nyayo. Mchanga ni mtupu. Alama zilizopo ni za kwato, na mguu mmoja wa nyuma umeburuzwa.

Napiga magoti, nguvu zimeniisha. Mara yuko kando yangu, karibu kiasi kwamba nausikia ule moshi wa kuni uliokuwa haumtoki nguoni.

"Idi," ananiambia, "mimi sina nyayo tena. Mfuate mwenye nyayo."

Namuuliza kama swala angali hai. Ananielekeza kwa kidevu kwenye korongo la mawe, kule ambako jana sikufika.

"Ana kiu," anasema. "Usimwache afe peke yake."

Nikaamka, koo limenikauka. Nje kulikuwa kunapambazuka. Zuhura, mjane wa kaka, alikuwa jikoni akipuliza moto usio na chungu. Nikamsimulia yote, tangu kibandani mpaka korongoni. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza, akauliza kwa sauti ndogo kama Mrisho alimtaja, yeye au watoto.

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia hakuwataja.

Akaendelea kupuliza mpaka kuni zikashika. Kisha akainuka, akaniletea kisu na kibuyu cha maji.

Siku hiyo nilimkuta swala korongoni, anapumua kwa shida, na jioni watoto wakala. Lakini neno ninalotembea nalo hadi leo, kila ninapoingia porini peke yangu, ni lile aliloniambia Zuhura pale mlangoni, nikijifunga kisu kiunoni.

"Shemeji," alisema, "akikujia tena, mwambie bado tupo."