Milioni Moja na Tatu

Zamani mtu aliitafuna namba moja mwezi mzima kwa chaki. Siku hizi anaiuliza simu, nayo inamjibu kabla hajameza mate, na kesho hakumbuki aliuliza nini.

Fundi cherehani aliyeniazima baraza lake nishonee viatu hakuwa na simu ya kuuliza. Alikuwa na meza ya kukatia, chaki ya nguo, na mke mwenye kichwa chepesi. Shule waliiacha njiani wote wawili, kama mimi. Kazi ikiisha, tulivunja namba: inagawanyika, au ni tasa, haikubali ila moja na yenyewe?

Milioni moja na moja ilimsumbua fundi siku nyingi. Mkewe, akinyoosha suruali ya mteja, akasema, "Jaribu mia moja na moja, fundi."

Ikavunjika, haikubaki kitu.

"Umeniharibia tasa yangu."

"Haikuwa yako. Nigeuzie huo mguu wa suruali."

Milioni na mbili ni shufwa, haina maneno. Wakaikamata milioni na tatu. Mke alitaja namba tasa, fundi akagawa, mimi nikakagua mabaki, gundi ikiwa vidoleni. Mwisho wetu ulikuwa elfu moja, kwa sababu kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo tungekuwa tumewamaliza. Wa mwisho alikuwa mia tisa tisini na saba. Ikabaki kumi na mbili.

Fundi akaweka chaki chini. Mkewe akaiokota, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: 1,000,003 TASA.

Asubuhi yake akafika mama mzazi wa fundi, na mzigo wake. Nyumba ilikuwa yake, na kila alipokuja aliulizia wajukuu. Akasimama mlangoni, akasoma polepole.

"Nani kaandika?"

"Mimi, mama," mkwe akajibu.

"Basi umenirahisishia. Miaka yote nikisema mimi naonekana mbaya. Leo umejitangaza mwenyewe."

"Mama, hiyo ni hesabu," fundi akasema. "Tasa ni namba isiyogawanyika."

"Namba sizijui. Tasa naijua. Na hiyo milioni ndiyo mliyompa daktari?"

Hakuna aliyecheka. Mama akasema mke arudi kwao, aje mwingine, la sivyo fundi arudishe ufunguo. Fundi akavua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja, kisha akauweka ufunguo mezani. Mkewe alikuwa ameshaanza kufungua mkanda wa cherehani.

Mama akachukua kitambaa kibichi, akafuta mlango. Mimi nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi, nikaendelea kupiga misumari. Sikuhisi kitu, na hadi leo bado sijahisi vizuri.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa mchana huo, cherehani imelazwa juu ya godoro kwenye mkokoteni, fundi anavuta, mkewe anasukuma.

"Milioni na nne," mke akasema.

"Shufwa."

"Na tano?"

"Inaishia na tano, unaniuliza nini?"

"Na saba?"

Fundi akaanza kuigawa kichwani. Wakakata kona.