Malkia Walioangukia Uani kwa Eduvina

Ukitaka kumjua Eduvina Viviescas, mwangalie miguu. Kila Jumapili anashuka kutoka mlimani hadi kanisani Barichara amevaa ndala za katani, miguu wazi, na makovu yote yanaonekana: kwenye vidole, visigino, mpaka juu ya kifundo. Ni meno ya askari wa sisimizi wakata-majani. Wanawake wengine wa mlimani huvaa soksi siku ya misa. Eduvina hataki hata kusikia habari ya soksi. "Kila kovu ni kikapu kimoja," husema. "Mwenye soksi atuambie yeye ameokota vingapi." 

Maana kule mkoani Santander mwanamke anajulikana kwa sisimizi wake. Mvua za baada ya Pasaka zikishapiga usiku kucha, likafuata jua kali la asubuhi, vichuguu vinafunguka na malkia wachanga wanatoka kwenda kuruka. Wanene hao, nyuma mviringo, na ndiyo maana watu wa huko wanawaita wenye wowowo, bila aibu, hata padri. Wanaokotwa kabla hawajapaa, wananyofolewa mabawa, wanalowekwa kwenye maji ya chumvi, wanakaangwa kwenye kikaango cha udongo mpaka ukimtafuna mmoja jirani anasikia. Mtu akikuambia wana ladha ya karanga, ujue huyo amekula wa dukani, mwache.

Kichuguu cha Eduvina kilianza mwaka ambao binti yake Zoraida alikuwa anatambaa. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki, akamwachia mbuzi, michungwa, na mtoto. Malkia mmoja akaangukia nyuma ya jiko, akachimba shimo lake, na Eduvina akamwacha. Kadiri mtoto alivyokua, na kichuguu kilikua, mpaka kikawa kipana kuliko nyumba. Watu wasiojua hudhani sisimizi hawa wanakula majani. Hawali. Wanayabeba mpaka chini, wanayatafuna yakawa kama uji, wanayatia mbolea ya mavi yao wenyewe, na juu yake wanaotesha kuvu nyeupe, laini kama sifongo. Kuvu hiyo ndiyo inayolisha watoto wao. "Ni wakulima kama sisi," Eduvina alimwambia Zoraida akiwa mdogo, "ila wao hawana mvivu hata mmoja, kwa hiyo inuka ukachote maji."

Na huo umati wote, mkubwa kwa mdogo, ulizaliwa na mmoja tu aliyekaa gizani kule chini. Eduvina alimwita Bimkubwa. Wanawe walimnyolea Eduvina michungwa kila mwaka, naye alisema hiyo ni kodi. Kwa malkia waliotoka pale ndiyo Zoraida alivaa viatu, akasoma, akawa muuguzi. Haya, niambie mchungwa gani ungefanya hivyo.

Kuna taratibu zake. Malkia anayetoka mdomoni mwa kichuguu ni wa mwenye shamba. Anayeanguka kutoka angani, akishamaliza kuruka, ni wa yeyote atakayemwona. Lakini kina Viviescas hawaokoti wa angani, na hili walirithishana mama kwa binti. Malkia aliyekwisha ruka amekutana na madume huko juu, mara hiyo moja tu katika maisha yake, na mbegu alizobeba zitamtosha mpaka kufa. Tena mdomoni ana kipande cha kuvu alichochukua kwa mama yake, kama mwali anayeondoka kwao na chachu ya mkate. "Huyo si kitoweo tena," mama yake Eduvina alimfundisha. "Huyo ni mama wa watu."

Sasa basi. Mwaka ule Zoraida alichumbiwa na Edilberto, kijana wa pwani, mtu wa Soledad. Na desturi ya mlimani inajulikana: siku ya harusi mama wa bibi harusi anamkabidhi mama wa bwana harusi kibuyu cha malkia waliokaangwa, kutoka kichuguu chake mwenyewe, nyumba mpya ijae watoto. Bi Nidia, mama wa Edilberto, alipiga simu Januari kusalimia, na salamu zenyewe zilikuwa hivi:

"Mkwe, nasikia huko kwenu mnakula makalio ya wadudu."

"Tunakula," akasema Eduvina. "Ninyi huko mnakula kila kinachonuka samaki, hatuwasemi."

"Mimi nitaonja, lakini nikifa utanizika wewe."

"Utaonja wa shamba langu, mkwe. Utaramba vidole mpaka kiwiko."

Wakacheka. Lakini Eduvina alipoweka simu alitoka tena kwenda kwenye kichuguu, kwa sababu wiki hiyohiyo alikuwa ameona jambo asilolipenda.

Sisimizi wake walikuwa bado wanapita na majani, njia ileile iliyosuguliwa ikang'aa. Ila juu ya majani hapakuwa na wale wadogo. Kwa kawaida kila jani hubeba abiria, kijisisimizi kidogo kama punje ya ulezi, kazi yake kumlinda mbebaji dhidi ya inzi wanaotaga mayai kichwani. Wadogo hao ndio wanaokufa mapema, na wasipozaliwa wengine wanaisha upesi. Eduvina alichuchumaa pale mpaka magoti yakauma. Jani likapita, tupu. Jingine, tupu. Hakuna aliyekuwa anazaliwa. Bimkubwa alikuwa amekufa, na malkia wa sisimizi hawa harithiwi na mtu. Akifa yeye, mji mzima unamfuata polepole.

Hakumwambia mtu. Alimpigia Bi Nidia mwezi uliofuata, akaulizwa habari za wadudu, akajibu, "Wamenona." Ndivyo alivyo, kiburi kilimtangulia mdomoni. Akashinda wiki nzima amejikasirikia.

Kufikia Pasaka njia ilikuwa imeota majani. Mdomoni mwa kichuguu walibaki askari wazee wachache, vichwa vikubwa, wakizunguka bila kazi. Usiku wa kuamkia harusi mvua ilipiga mapaa kwa hasira, na kulipokucha jua likatoka kali. Kila mtu mlimani alijua maana yake. Trina, jirani wa ng'ambo ya ukuta wa mawe, alipita na ndoo mbili na mabuti ya mpira mpaka magotini.

"Shoga, wako bado wamelala?" akauliza, akachungulia. Kisha akaona. Trina ana mdomo, lakini si mjinga. Akaweka ndoo chini. "Eduvina. Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na hukusema."

"Ningesema ili iweje?"

"Haya, usinitolee macho. Vichuguu vyangu viwili vinaruka leo. Njoo ujaze kibuyu chako, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mtoto anaolewa leo saa kumi, mwanamke wewe. Mkwe amepanda basi usiku kucha. Utampa nini, makovu?"

"Nenda Trina, watakuacha."

Trina akaenda akinung'unika. Muda si mrefu zikasikika kelele za watu bondeni kote, watoto, mbwa, na hewa ikajaa mabawa. Eduvina alisimama mdomoni mwa kichuguu chake na kibuyu mkononi, akasubiri, ingawa alijua hakuna wa kutoka. Askari mmoja mzee akampanda mguuni, naye akamwacha apande.

Ndipo malkia wakaanza kuanguka. Mmoja juu ya paa la jiko, mmoja kwenye beseni la nguo, watatu kwenye udongo mtupu kando ya kichuguu, wengine na wengine. Wa angani, wa yeyote. Wala usifikiri hakushawishika. Alimfikiria Bi Nidia na ile sauti yake ya kucheka, akawafikiria wanawake wa soksi, akainama akaokota. Mkono wake unajua kazi, ukaenda wenyewe. Sakafu ya kibuyu ilipokaribia kujaa akafika kwa mmoja aliyekuwa ameshavua mabawa, ameyatupa pembeni, na alikuwa anachimba. Alikuwa anaingia kichwa kwanza, anatoka na kidonge cha udongo, anakiweka, anaingia tena. Akishajifukia hatakula chochote. Ataitema ile kuvu, atailisha kwa uchafu wake mwenyewe, na yeye ataishi kwa nyama ya mabega iliyokuwa ikimrusha, mpaka wanawe wa kwanza watoke wakalete jani. Bimkubwa alifanya hivyohivyo mahali palepale, mwaka ambao Eduvina mwenyewe hakujua wangekula nini.

Aliona haya. Akamwaga kibuyu chote pale chini, taratibu wasiumie.

Zoraida alimkuta saa sita hivi, amekuja mbio na rola kichwani kwa sababu mama hakutokea kwa msusi. Mama alikuwa amevaa gauni la harusi, la buluu, na ufagio mkononi, anamfukuza jogoo wa Trina. Kuku wake mwenyewe alikuwa ameshawafungia.

"Mama, umerukwa na akili?"

"Angalia unapokanyaga."

Zoraida akaangalia. Mashimo madogo huku na huku, kila moja na rundo lake la vidonge. Kisha akatazama kichuguu kikubwa, kimya, na yeye alikua nacho, hakuhitaji kuelezwa.

"Bimkubwa?" akauliza.

Eduvina akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka, ya Bimkubwa, ya kibuyu kitupu, na ya binti anayeondoka, yote kwa mpigo. "Nimekuaibisha, mwanangu. Nilijitapa kwa mkwe na sina kitu."

"Nipe huo ufagio," Zoraida akasema. "Kunawe uso. Jogoo huyu mimi ndiye ninayemjua."

Walichelewa kanisani wote wawili, na bibi harusi alifunga ndoa ana udongo wa manjano kwenye pindo.

Jioni watu walikaa uani kwa shemeji zake Eduvina mjini, mbuzi ameshaliwa, pombe ya miwa inazunguka. Saa ya kibuyu ikafika. Eduvina akasimama. Kidevu chake kilikuwa juu. Akamwekea Bi Nidia kibuyu mapajani.

Bi Nidia akachungulia. "Mkwe, nimepanda basi usiku kucha kuja kula hewa?"

Wa soksi wakachekea viganjani. Trina, mezani, alikuwa ameshafunua sinia lake lililojaa, analisukuma mbele kuokoa mambo.

"Kichuguu changu kimekufa," Eduvina akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kilikufa tangu Januari, na kwenye simu nilikudanganya kwa kiburi. Leo wameniangukia wengine uani. Ningeweza kukukaangia hao, hakuna ambaye angejua. Lakini wale wameshaolewa, mkwe. Kila mmoja ana kuvu ya kwao mdomoni, anatafuta pa kuanzia nyumba. Sikuweza kuwakaanga siku ya harusi ya mwanangu. Akipona hata mmoja, baada ya miaka mitatu au minne atarusha wake, na kikapu cha kwanza ni chako."

Bi Nidia akalisukuma sinia la Trina likarudi lilikotoka.

"Samahani, dada, wananukia vizuri sana," akamwambia Trina. "Lakini mimi nimeahidiwa." Akamgeukia Eduvina. "Wako wangapi?"

"Leo? Kama ishirini."

"Wangapi watapona?"

"Pengine hakuna."

"Basi nitakuwa napiga simu," akasema Bi Nidia, akamvuta akae karibu naye.

Na akapiga. Kila Jumapili, hata salamu hatoi: "Wangapi?" Mvua ikawazamisha wengine. Kakakuona akafukua wengine usiku. Chungu weusi wakaingia kwenye mashimo. Eduvina alikuwa anajibu nane, watano, wawili, na sauti inashuka, na Bi Nidia alikuwa anasema tu, "Haya, tuwaangalie hao hao."

Julai, Jumapili ikiwa bado haijafika, Eduvina ndiye aliyepiga, asubuhi, anahema.

"Mkwe, wametoka."

"Nani wametoka?"

"Watoto. Wako kama kumi, wadogo, hata huwaoni vizuri. Wamekata mchungwa wangu mchanga, ule wa majani matatu nilioupanda juzi. Wameumaliza wote, mkwe, umebaki kijiti."

Bi Nidia akauliza, "Na wewe umewafanya nini?"

"Nimewasogezea mwingine," akasema Eduvina.