Bosi wa Begi

Shemeji, mume wa dada yangu, alikaa miaka tisa kwenye kampuni ya kutengeneza mashine za fotokopi. Shati la bluu, gari la kampuni, vipuri vipya ndani ya boksi. Siku moja akaandika barua ya kuacha kazi, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, eti amechoka kumtajirisha mtu asiyejua hata kushika bisibisi. Wenzake wakampigia makofi. Makofi hayalipiwi.

Akachapisha kadi: Mkurugenzi Mtendaji. Kampuni nzima ni yeye na begi lake. Ofisi ni kochi la sebuleni, na mimi najua maana naishi kwao. Simu ikiita anakohoa kwanza, anapokea kwa sauti nzito, "Idara ya ufundi." Mara nyingi ni mama yake.

Miezi miwili ikapita hivyo. Dada si mtu wa kelele. Alimwambia huku anapiga pasi, macho kwenye nguo: "Baba watoto, mwezi huu ukiisha hujapata mteja wa kudumu, unarudi kule kuomba radhi. Shati nimeshalifua."

"Nirudi kwa wale? Mimi nina kampuni yangu."

"Ipi? Hilo begi?"

Sasa mimi ndiye ninayesimama na mashine ya fotokopi kutwa nzima kwenye ofisi ya mawakili. Shule niliiacha kidato cha pili, hapo sina hadithi ndefu. Mashine yetu ilianza kutoa mstari mweusi katikati ya kila ukurasa, kama ukurasa umefungwa mkanda. Sekretari, mama mmoja ambaye hata mawakili wanampisha kwenye korido, alikuwa anatafuta fundi wa kumpa mkataba wa mwaka. Nikamtaja shemeji.

Siku ya kwanza alikuja na tai. Fundi wa fotokopi, na tai. Akafunua kifuniko, akaweka kadi yake juu ya kioo, akabonyeza. Ikatoka safi, Mkurugenzi Mtendaji bila mstari wowote.

"Mashine nzima hii," akasema. "Karatasi zenu ndizo mbovu."

Hakuwa amefika hata kituoni, mstari umerudi.

Siku ya pili akaipasua mashine tumbo, skrubu sakafu nzima. Akafuta hiki, akapuliza kile, akahema. "Inataka dramu mpya, ile silinda ya kuchapia."

"Unayo?" nikamuuliza.

Hana. Kwenye kampuni kitu kikisumbua ulikuwa unatoa cha zamani, unaweka kipya, unasaini, unaondoka. Miaka tisa mtu anabadilisha vitu, na sisi nyumbani tunamwita fundi. Akairudisha mashine ilivyokuwa, akapima tena kwa kadi yake. Safi. Akanitazama kama kashinda kesi.

"Shemeji," nikamwambia, "sisi hatufunui kifuniko. Tunapanga karatasi hapo juu, mashine inazimeza yenyewe."

"Bwana mdogo, unanifundisha kazi? Hebu nikumbushe, uliishia kidato cha ngapi vile?"

Nikarudi kupanga karatasi zangu. Ajijue.

Siku ya tatu sekretari alimsubiri mlangoni.

"Fundi, leo ndiyo ya mwisho. Na hiyo kadi yako weka mfukoni. Shika faili hili, kurasa thelathini, toa nakala kama tunavyotoa sisi." Akavuta kiti, akakaa kumtazama.

Karatasi zikamezwa moja moja, nakala zikatoka, kila moja na mkanda wake mweusi. Shemeji akatazama kile kioo kikubwa alichokisugua siku mbili. Kisha, taratibu, akafungua ile sehemu ya juu. Pembeni ya kioo kikubwa kuna kingine, chembamba kama rula. Karatasi zinazoingilia juu zinapita hapo. Katikati yake palikuwa na doa limeganda, dogo kuliko punje ya mchele.

Akalikwangua kwa ukucha. Akarudia faili. Kurasa thelathini, safi.

"Tatizo lilikuwa nini?" sekretari akauliza.

Shemeji akanyoosha tai. "Hitilafu kwenye mfumo wa sensa, mama, vile vitambuzi vya ndani. Ni mambo ya kitaalamu kidogo."

"Sensa."

"Ndiyo, mama."

"Nioneshe huo ukucha."

Akautoa kama mtoto anayekaguliwa na mwalimu. Mweupe.

"Huo ni wino wangu wa kufutia makosa," mama akasema. "Huwa sisubiri ukauke, naingiza tu. Fundi aliyekutangulia katubadilishia dramu mara mbili kwa ajili ya huo. Haya, tatizo lilikuwa nini?"

"Uchafu, mama. Nilikuwa napimia kioo kingine."

"Mwaka sikupi. Chukua miezi mitatu. Ukinitajia sensa tena, usirudi."

Nyumbani, kabla hajavua viatu, miezi mitatu ilishakuwa mwaka mzima. "Ilikuwa sensa," akamwambia dada. "Mtu wa kawaida asingeiona."

Dada akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Shemeji akainama kufungua kamba za viatu. Aliinama muda mrefu sana kwa viatu viwili. Na mimi, niliyekuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu asubuhi, nikaona dada anavyonitazama, jinsi anavyotaka iwe kweli.

"Ilikuwa sensa, dada," nikasema. "Imemhangaisha siku tatu."

Siku tatu ni kweli. Hapo sikudanganya.