Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Miaka ile mashine iliposhika kazi ya figo zangu, hapa Kigoma mjini, aibu ilinichoma kuliko sindano. Miguu iliniishia nguvu kabisa. Mke wangu alinishika kiuno hadi chooni, mimi niliyekuwa nikipandisha mlima wa Ujiji kwa baiskeli, nyuma nimefunga madumu ya mawese! Aibu ya maiti aijuaye mwosha; yangu ilijulikana na wodi nzima.

Sista akaweka pedali mbele ya kiti changu. "Nyonga polepole wakati damu inasafishwa, baba. Ukikaa tu, hiyo miguu haitarudi."

Nikanyonga. Lo! Baiskeli haina magurudumu, abiria hakuna, na kaptura imepanda mapajani mbele za watu. Nikajifunika shuka, shuka ikanasa kwenye pedali, wagonjwa wenzangu wakacheka. Nami nikajichekesha, lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku moja akaingia mama mkwe wangu. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi kwa ruhusa ya siku chache, vumbi hadi kwenye kope. Kwetu Burundi mwanaume na mabukwe wake hawatazamani hovyo. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Tangu tukimbie vita sikuwahi hata kula mbele yake. Sasa ananikuta na kaptura, jasho na mapaja! Nikaacha kunyonga, nikavuta shuka hadi kidevuni. Ningekimbia, lakini mkono ulikuwa umefungwa kwenye mashine.

"Shikamoo, mabukwe," nikasema, macho sakafuni.

"Marahaba."

Kisha akamuuliza sista, si mimi, kile kitu ni cha nini. Sista akamweleza bila kuficha: asiponyonga, atazidi kudhoofika, moyo nao utachoka.

Mama yule akavuta kiti hadi pembeni. Akaketi akiuelekea ukuta, mgongo kwangu, akajifunika kitenge kichwani.

"Mwambie aendelee," akamwambia sista. "Binti yangu alimlilia baba yake porini, tukamwacha marehemu hukohuko. Sitaki kumwona mwanangu akilia tena. Mimi natazama ukuta."

Nilitamani kufa kwa haya. Nikanyonga, machozi yakichanganyika na jasho, na wodi haikucheka tena. Baadaye pumzi ikanikatika, nikasimamisha miguu.

Kule ukutani mtu akakohoa.

Nikaanza tena.