Eti mininga yetu imekufa

Leo nimegoma kusaini fomu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na sijutii!

Mkaguzi wa mradi wetu kaja hapa Chiwata kuangalia kilima tulichokipanda miti upya sisi akina mama. Akaona mininga haina jani hata moja, akajaza: "Yote imekufa."

Shikamoo alinipa. Masikio hakunipa.

"Mwanangu, hiki ni kiangazi. Mninga hupukutisha majani."

"Mama Zuhura, ripoti hii inasomwa dunia nzima. Saini tu."

Ndiyo kwanza nikaitupa kalamu.

"Kwangua gome. Kwa kucha yako."

Akakwangua. Ndani kijani, kubichi kabisa!

Fomu ikachanwa, tukaanza upya, mti kwa mti.

Wenzangu wa Newala, kesho anakuja kwenu. Msisaini mpaka kucha zake ziwe za kijani.